Nne ya Pau

Msiniulize nani alishinda mwaka gani.
Majina yamechongwa kwenye bamba la shaba pale kasino,
na bamba lina makosa mawili niliyochoka kuyataja.
Mimi nilikuwa mgawaji.
Nilikaa upande wa meza usio na dau.

Sabini na moja, mji wa reli, Nevada ya kaskazini.
Theluji imefunga njia za malisho,
wachungaji tisa wa Kibaski wamekwama hotelini kwa shangazi Graxiana
na mshahara wa miezi saba mfukoni.
Shangazi akaondoa sahani za supu, akatandika blanketi la jeshi:
kila mtu dola ishirini, atakayebaki peke yake azoe zote,
na atakayempiga mwenzake ataosha vyombo.
Juu ya hizo fedha, kondoo dume mmoja, chongo.
Peyo Urrutia akamtwaa, akamwita Mfalme wa Uru,
maana katika karata naye huonyesha jicho moja tu.

Mwaka wa pili walikuja kumi na saba.
Wa tano, themanini,
na mmoja wao alikuwa na kucha zilizong'arishwa.
Ndipo tukajua kuna watu ambao hii ni kazi:
wanaamka, wanapiga mswaki, wanakwenda kudanganya kwa utulivu,
na kodi wanalipa.
Lum Dockery hakusema neno misimu minne,
alimenya mayai ya kuchemsha tu.
Verlene Hask, mjane wa fundi reli,
aliwafilisi wanaume huku akiwaulizia watoto wao kwa majina.

Sasa themanini na sita.
Saa tisa za usiku, wamebaki wawili.
Verlene ana mlima wa sarafu za udongo. Peyo, kichuguu.
Kasha jipya la karata limelowa bia,
tunachezea lile la jikoni.
Mezani: kumi ya kopa, kumi ya shupaza, mbili, saba, ree.
Peyo akasukuma kichuguu chote.

Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi.
Wahenga hawakumwona Peyo akitafuna njiti ya kiberiti.

Verlene alimtazama dakika kumi na moja.
Nilihesabu.
Kisha akatupa zake wazi, malkia wawili,
na tangu hapo bahati haikumrudia hadi alfajiri.

Peyo alinirudishia zake kifudifudi.
Kanuni ya mgawaji: kilicholala hakifunuliwi.
Lakini vidole navyo vina macho.
Moja ilikuwa na kona iliyotafunwa,
na kona ile niliijua, mpwa wangu aliing'ata Jumapili:
nne ya pau.
Nne ya pau! Takataka.
Au si takataka, kama ile ya pili ilikuwa kumi.
Ile ya pili ilikuwa laini
kama hizo hamsini nyingine.

Baadaye kamera ziliingia chini ya meza kama panya,
nchi nzima ikaona karata kabla mwenyewe hajakunja uso.
Hoteli ikabomolewa, leo ni maegesho ya malori.
Mashindano yakahamia kwenye kasino yenye maporomoko ya maji ndani,
yakaletewa vijana wa miwani myeusi
waliocheza mikono milioni chumbani, peke yao, wakila nafaka kavu.
Kade Lindqvist, miaka ishirini na mbili, bingwa,
aliniinamia kwa heshima:
"Bibi, ule mkono wa Urrutia. Kompyuta yangu inasema
asilimia thelathini na nane alikuwa na kitu."
Nikamwambia kompyuta yako ina adabu kuliko wewe.
Alicheka. Sikuwa natania.

Peyo alikufa msimu wa kukata manyoya.
Verlene alikuja na kofia ya kijivu,
akalitazama jeneza kwa muda.
Nilihesabu, mazoea hayana dawa.
Kwenye chakula cha msiba alivuta kiti, akaketi ubavuni pangu.
Katika dunia nzima, mwenye haki ya kuuliza alikuwa yeye.
Nikaweka kijiko chini. Nikangoja.

Akaniomba chumvi.